Mapupu hayaingii bakulini yakiwa mabichi

Kuanzia Shinyanga hadi Geita, mbwa amekuwa akila nyama mbichi miaka yote, wala hakuna aliyeona haja ya kulipa jambo hilo jina. Penye machinjio pana mbwa wanaosubiri mapupu, bandama na ini lililokataliwa na mkaguzi. Kwa wenzetu wa nje ulaji huo una vitabu. Kilichovuma zaidi ni cha daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kilichotoka mwaka 1993. Nilipomwambia jirani yangu hapa Kahama kwamba namhamisha Popi kutoka uji wa dona kwenda nyama mbichi, na kwamba nitaandika kila anachokula na kila anachotoa, alishangaa. Nyama si unamtupia tu?

Popi alikuja kwangu akiwa na wiki 10 na kilo 4. Ni chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd. Alikotoka alizoea uji wa dona uliochanganywa na maziwa mabichi, juu yake dagaa walioanikwa mchangani. Hazikupita siku tatu bila kuhara.

Sikuanza na nyama. Nilianza na kinyesi. Mtaalamu wa mifugo alikiweka chini ya hadubini akakuta mayai ya mchango na ya safura, na hilo halikumshangaza: mchango huvuka kutoka kwa mama kuingia kwa watoto wangali tumboni, na safura hupita kwenye maziwa anayonyonya. Popi alipewa dawa, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Nilihakikisha pia kwamba chanjo ya parvo ameshaianza. Mtoto wa mbwa anayetapika, aliyekataa chakula na anayehara damu yenye harufu kali hahitaji kubadilishiwa mlo. Anahitaji kufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Kisha nikaondoa vitu viwili. Maziwa mabichi yalitoka kwa sababu ya sukari yake, ambayo mbwa wengi huishindwa kadiri wanavyoacha kunyonya. Dagaa wenye mchanga nao wakatoka. Siku saba alikula wali laini, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha isiyo na mafuta, na kijiko cha boga lililopondwa, mara nne kwa siku. Siku ya tano kinyesi kilikuwa kigumu kiasi cha kuokoteka. Bila siku hizo saba nisingekuwa na mahali pa kurudi mambo yalipoharibika, na kweli yaliharibika.

Kuna jambo lazima nilinyooshe hapa. Ugali si sumu kwa mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, amebeba nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga. Ameishi na watu, chakula chetu kimembadilisha. Nyama mbichi nayo inasifiwa kupita ushahidi uliopo, na madaktari wengi wa mifugo hawaishauri kabisa, hasa kwa mbwa mchanga. Niliifuata kwa sababu huku kwetu watu tayari wanalisha mabichi, tena yale mabaya zaidi. Nilitaka njia ambayo jirani yangu angeweza kuifuata bila kuhatarisha watoto wake.

Nyama yenyewe ilikuwa msuli wa ng'ombe kutoka bucha inayouza nyama yenye muhuri wa ukaguzi, niliyoichukua asubuhi kabla jua halijapanda. Kwa joto letu, nyama iliyoning'inia hadi saa nane mchana si ile ya saa moja asubuhi. Penye vuguvugu zuri bakteria hujizidisha maradufu kila baada ya dakika ishirini hivi. Niliikata vipande vidogo, nikaifunga kwenye mifuko midogo, ikalala kwenye friza wiki mbili. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda huo huua mabuu ya tegu na vimelea vingi vya kwenye msuli. Salmonella haifi, hulala tu. Kwa hiyo bakuli liliondolewa baada ya dakika kumi na tano, likaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, na watoto walikatazwa kulishika. Umeme ulipokatika usiku kucha na mifuko ikayeyuka, nyama yote iliingia sufuriani. Asiye na friza ya kutegemea apike, na mbwa wake atakua vizuri tu.

Siku ya kwanza nilimpa kijiko kimoja cha chai cha nyama mbichi ndani ya mlo mmoja kati ya minne. Siku tatu hivyohivyo. Kisha vijiko viwili, siku tatu nyingine. Kila nilipoongeza kibichi nilipunguza cha kuchemsha kwa kiasi kilekile, jumla ya mlo isipande, kwa kuwa tumbo hili hulegea kwa shibe tu. Kwa siku alikuwa akila gramu 350 hivi.

Siku ya kumi nikakosea. Nilimwongezea shingo ya kuku mbichi, na jioni ileile nikamwekea kipande cha ini. Usiku akahara mara tatu. Ni shingo? Ni ini? Ni mfupa? Sikuweza kujua, na kosa hilo lilikuwa langu, si la tumbo lake. Nilirudi kwenye wali na nyama ya kuchemsha kwa siku nne, kisha nikaanza tena kwa kitu kimoja. Ini lililopikwa, kiasi cha ncha ya kijiko, halikumsumbua. Kuku mbichi sikumrudia.

Kwa kukataa shingo nilikuwa nimeondoa mfupa, na mtoto wa mbwa asiye na mfupa mloni yumo hatarini. Gramu 100 za msuli wa ng'ombe zina kalisi miligramu 10 tu hivi, na fosforasi kama 200. Anayekua anatakiwa kalisi izidi fosforasi kidogo. Akilishwa nyama tupu, mwili hunyonya kalisi kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda, hata huvunjika kwa kuruka kizingiti. Wengi huona miguu imepinda wakadhani ni ukoo. Mimi nilichemsha maganda ya mayai, nikayakausha, nikayatwanga yakawa unga. Kijiko cha chai kina kalisi inayokaribia gramu 2, na kwa kilo zake 4 robo tatu ya kijiko kwa siku ilitosha. Kipimo hicho si cha kukisia, kwani kalisi ikizidi nayo huharibu mifupa ya mbwa wa umbo kubwa.

Sasa mapupu. Katika mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huwamo vifuko vya maji, wachinjaji wetu wanavijua sana. Ndani yake mna mabuu ya tegu mdogo asiyefika hata sentimita moja. Mbwa akimeza kifuko kibichi, baada ya wiki sita au saba huanza kutoa mayai kwenye kinyesi, na yeye mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Mtoto anayemshikashika kisha akala bila kunawa huyameza, na kifuko huota kwenye ini au pafu lake polepole, miaka kadhaa. Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu waliumwa ugonjwa huu kwa viwango vya juu kabisa duniani, na kuanzia mwaka 1983 AMREF iliendesha mpango wa kuudhibiti huko, mbwa wakipewa dawa ya prazikwanteli. Sisi wafugaji wa Usukuma, wenye ng'ombe wengi na mbwa kila mji, tuna kila sababu ya kuliangalia lile ini linalotupwa nyuma ya machinjio.

Kwangu kila kiungo cha ndani huchemshwa hadi kiive katikati. Figo simpi kabisa, hasa za mbuzi wanaozurura kwenye marudio ya dhahabu na makarasha ya kule Geita, maana zebaki inayotumika kunasa dhahabu hujikusanya kwenye figo kuliko kwenye msuli.

Popi sasa ana miezi mitano. Nusu ya bakuli lake ni msuli mbichi, nusu ni wali, boga na ini la kuchemsha, na unga wa maganda nimeupima upya kwa uzito wake wa leo. Kidonge cha prazikwanteli anakimeza kila wiki ya sita, kabla tegu hajawahi kutaga. Jirani ameshaniomba tarehe, ili wa kwake wameze siku hiyohiyo.