Hofu Chuoni na Mipaka ya Igizo: Kuisoma Upya Mashetani

Utangulizi

Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Mashetani ilichapishwa mwaka 1971, na tangu hapo imehakikiwa mara nyingi. Wahakiki walio wengi wameisoma kama fumbo la historia: Shetani ni ukoloni na ukoloni mamboleo, Binadamu ni Mwafrika anayedhani kwamba amejikomboa, na vijana wawili, Juma na Kitaru, ni matabaka mawili, moja lililoshuka na jingine lililopanda. Hatuna nia ya kuupinga usomaji huo, kwa kuwa ushahidi wake umo katika tamthilia yenyewe. Lakini kuna jambo moja ambalo umelipita kwa haraka mno. Kitaru ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeshikwa na hofu hata maisha yake ya kawaida yakamshinda. Makala haya yanakusudia kulirudia jambo hilo na kuuliza tamthilia inatufundisha nini juu ya kuishi na hofu chuoni.

Swali hili halikuzaliwa na udadisi wa kitaaluma peke yake. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walikiingilia Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Habari hizo zilinikuta ng'ambo, nikisomea shahada ya pili. Niliporudi nyumbani na kuanza kufundisha, nilikuta kwamba hofu ile ilikuwa imebaki vyuoni. Wanafunzi wetu wa leo walikuwa watoto wa shule za msingi mwaka ule, lakini wameirithi. Mikoba yao hukaguliwa langoni kila siku, na wanapoingia ukumbini baadhi yao huchagua kiti kulingana na mlango ulipo.

Kwa kweli hofu si mgeni katika vyuo vyetu. Waliosoma Nairobi katika miaka ya themanini wanaikumbuka Februari ya 1985, polisi walipouvunja kwa nguvu mkutano wa wanafunzi uwanjani. Hofu ya wakati ule ilikuwa na sura na sababu nyingine. Hata hivyo, swali lililowakabili waliobaki ni lile lile: mtu arudi vipi darasani akaketi, akafungua kitabu, akafikiri?

Hofu na Woga

Tulikuwa tukiisoma Mashetani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, upepo ukaufunga mlango kwa kishindo. Kabla hatujatambua lililotokea, wanafunzi wawili walikuwa chini ya madawati. Wenzao wakacheka. Mmoja wa wale wawili aliporudi kitini alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye si mwoga.

Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa. Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu wa maana: hofu, woga, kicho, wasiwasi, fadhaa, taharuki. Kamusi aghalabu hufasiri hofu kwa woga na woga kwa hofu, kana kwamba ni mamoja. Lakini matumizi yanaonyesha tofauti. Woga umezaa mwoga, yaani mtu ambaye tabia yake ndiyo hiyo. Hofu haikuzaa jina la mtu lililozoeleka namna hiyo. Twasema "mwenye hofu", au "ameingiwa na hofu". Mwoga ndivyo alivyo, ilhali mwenye hofu amebeba kitu, na kilichobebwa huweza kutuliwa. Mwanafunzi yule alikuwa akitetea tofauti hiyo bila kuisomea.

Methali nazo zina hekima kuliko kicheko cha darasa letu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka" haimdhihaki anayeshtuka. Inaeleza sababu tu, na sababu hiyo inatosha. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio" inakwenda mbali zaidi, ikimkumbusha anayesifu ushujaa kwamba nyumba ya shujaa ndiyo inayolia. Wazee waliotuachia misemo hii hawakuiona hofu kuwa aibu. Waliiona kuwa habari ambayo mwili humpa mwenye mwili. Taabu huanza pale habari hiyo inapokosa pa kwenda.

Mchezo Usiokwisha

Hapa ndipo Kitaru anapotufaa. Tamthilia inaanza kwa mchezo ndani ya mchezo: Shetani na Binadamu wanakabiliana chini ya mbuyu, kisha tunatambua kwamba waliokuwa mbele yetu ni wanafunzi wawili wakiigiza. Kwa Juma, mchezo ukiisha umekwisha. Kwa Kitaru haukwishi, kwa sababu ameguswa na kitu ambacho hajakielewa. Wazazi wake wanahangaika, daktari anaitwa, na fikra ya uganga nayo inazuka. Kila mmoja ana jina lake la ugonjwa huo, ila mgonjwa mwenyewe hajapata la kwake.

Uhakiki wa kitabaka husema kwamba Kitaru anaugua kwa sababu ameanza kuona uongo wa tabaka lake. Tunakubali. Lakini tuitazame pia fani. Hussein angeweza kumweleza Kitaru kwa hotuba, au kumfanya msomaji wa vitabu vya siasa. Badala yake amemfanya mwigizaji, na kumpa hofu iliyojitokeza kwa njia ya igizo. Kwa maoni yetu, maana yake ni kwamba igizo lina uwezo wa kuiita hofu itoke mafichoni, lakini likikatizwa kabla halijaeleweka huiacha hofu hiyo nje, haina kwao.

Jambo hili si geni katika utamaduni wa pwani, ambako Hussein alizaliwa. Katika ngoma ya kupunga pepo, mganga haanzi kwa kumfukuza pepo. Humwita, humuuliza jina lake, humuuliza anataka nini. Waliozunguka wanaijua kazi yao: wapo wa kupiga ngoma, wa kuitikia, na wa kumshika mgonjwa asianguke. Si lazima msomaji aamini pepo ili aone muundo wa shughuli hiyo. Kinachotisha kinapewa jina, mahali na muda, mbele ya watu waliokubaliana. Kitaru amekosa mduara huo. Ana familia inayomhangaikia, ana rafiki, lakini hana watu waliokubali kuketi naye hadi mwisho wa mchezo.

Hatudai kwamba Hussein alitabiri masaibu yetu. Katika Mashetani hakuna bunduki, na hofu ya Kitaru si ya mtu aliyeponea chupuchupu. Tunachoazima kwake ni kanuni moja ya fani: igizo husimama juu ya mapatano.

Igizo Lisilo na Mapatano

Kanuni hiyo inatuwezesha kuyahakiki matukio mawili ya mwaka 2015. La kwanza lilitokea tarehe 12 Aprili, siku 10 tu baada ya Garissa. Kabla ya mapambazuko, hitilafu ya umeme ilileta kishindo karibu na mabweni ya bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hapakuwa na adui. Palikuwa na ung'ongo, na nyoka alikwisha kuuma.

La pili ni la tarehe 30 Novemba. Katika chuo kikuu kimoja cha binafsi jijini Nairobi, zoezi la usalama lilifanywa kwa kuigiza shambulio, huku milio ya risasi ikisikika. Wengi waliokuwemo hawakujua kwamba ni zoezi. Walikimbia, wengine wakaruka kutoka juu. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu kadhaa wakaumia.

Watetezi wa mazoezi ya namna hiyo husema kwamba watu wakijulishwa mapema, hawatatenda kama watakavyotenda siku ya hatari yenyewe. Hoja hii ni ya kisanaa, ijapokuwa wasemao hawajui hivyo, na kisanaa ni hoja dhaifu. Mtazamaji wa tamthilia anajua kwamba kisu ni cha mbao, na bado hulia. Anathubutu kulia kwa sababu anajua. Mapatano ndiyo yanayoipa hisia usalama wa kujitokeza na kufunzwa. Yakiondolewa, hatuna tena igizo lenye ukweli zaidi, kwa maana mtazamaji ameingizwa jukwaani bila ridhaa yake, na mchezo huo yeye hana njia ya kuutoka.

Linganisha na lililofanywa na wananchi mwezi ule ule wa Aprili. Idadi ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa 147, na watu wakakataa marehemu wabaki nambari. Walikusanya majina na picha zao, wakayaeneza mitandaoni, wakakutana Uhuru Park kuwakumbuka. Kama fasihi, orodha ya majina ni fani duni: haina vina, haina taswira. Lakini ilifanya kazi ambayo tanzia zetu nyingi hazifanyi. Tanzia ya kimapokeo humlilia marehemu, humsifu na kumwombea. Aliyebaki huusiwa asubiri tu. Orodha ile ilimpa aliyebaki kazi: kutaja, kusikiliza, kuitikia. Ni mduara ule ule wa kupunga, isipokuwa hauna ngoma.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hofu ya Kitaru si kifuniko cha dhamira ya kisiasa kinachoweza kutupwa dhamira ikishapatikana. Ni maudhui kamili, na fani ya tamthilia imejengwa juu yake. Aidha tumedai kwamba tofauti kati ya igizo linalotibu na igizo linalojeruhi ni mapatano baina ya waigizaji na watazamaji.

Kuta, walinzi na ukaguzi wa langoni vina kazi yake, nasi hatuvibezi. Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016, na wanafunzi wakarudi. Bila ulinzi wasingerudi. Lakini mlinzi hukaa langoni, na hofu hukaa darasani. Huko darasani wahadhiri wa fasihi hatuna budi kuacha kuisoma Mashetani kama orodha ya majibu ya mtihani, Shetani sawa na hiki, mbuyu sawa na kile. Tuwape wanafunzi waiigize, wakijua kwamba wanaigiza, na tukae nao hadi mwisho, pamoja na saa ile ya maswali baada ya mchezo ambayo ratiba zetu huikata. Na mlango ukifungwa na upepo, mwalimu asimame kwanza azime kicheko, kisha aulize, bila haraka, nani ameshtuka na kwa nini.