Ufundi wa Kutisha

Filamu ya The Exorcist: Believer ilipotoka Oktoba 2023, studio iliyoitoa ilikuwa imekwisha kukubali kulipa takriban dola milioni 400 kwa haki ya kutengeneza filamu tatu za mfululizo huo. Niliitazama hapa Mombasa nikiwa na hamu ya kweli ya kuogopa, na sikuogopa. Nilibaki na huzuni, kwa sababu mambo yanayoguswa na filamu ile, yaani pepo, sala, mtoto mgonjwa na mzazi asiyejua aende wapi, ni mambo makubwa, na sisi wa kisiwa hiki tuna mafundi wanaojua kuyasimulia bila taa wala kamera.

Mafundi hao ni bibi zetu na mama zetu wakubwa wa Mji wa Kale. Ufundi wao haujawahi kupewa tuzo wala kufundishwa chuoni, lakini anayetaka kujua hofu hutengenezwaje hana budi kuanzia kwao.

Ngano ina mlango wake. Msimulizi hubisha, “Paukwa!”, watoto humfungulia, “Pakawa!”, na tangu hapo kila mtu anajua kwamba sungura ana ruhusa ya kusema. Habari ya jini haibishi hodi. Huingia katikati ya maongezi mengine, watu wakichambua mchele au wakipakana hina. Mtu alikuwa akilalamikia bei ya kanga, mara anakumbuka lililompata shemeji yake. “Mie sikuona kwa macho yangu,” huanza. “Niliambiwa na khalati, naye aliambiwa na mwenyewe yaliyompata.”

Kwa maneno hayo machache amekwisha kufanya kazi kubwa. Amekubali kwamba hakuona, basi huna la kumuuliza. Tena ameweka mnyororo wa wapokezi, kama wafanyavyo wanazuoni wa hadithi za Mtume, na ukoo mzima umesimama nyuma yake. Ukitaka kumkanusha yeye itakubidi uwakanushe na wazee, na nani kati yetu ana ujasiri huo?

Kisha hutaja mahali. Hasemi “kichochoro kimoja”. Hutaja pembe unayoipita kila siku kwenda Msikiti wa Mandhry, au ngazi za Leven zinazoshuka hadi baharini, au Ndia Kuu pale inapokaribia Ngomeni. Mtu anarudi kwao usiku, amekawia barazani kwa wenziwe. Mbele yake yuko mwanamke wa buibui, ananukia udi. Anamsalimu, anaitikiwa vizuri, wanafuatana. Penye maji yaliyotuama mwanamke anainua buibui kidogo apate kuvuka, na chini ya buibui hapana nyayo, pana kwato. Yule bwana anakimbia mpaka anamkuta mzee ameketi na taa yake mlangoni. Anamwangukia, anahema, anamweleza. Mzee anamsikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha anaivuta kanzu yake juu ya vifundo. “Kwato zenyewe, mwanangu, zilikuwa kama hizi?”

Kisa hiki kinasimuliwa pwani nzima, na Mombasa kila mtaa una chake. Tazama kilivyojengwa. Hofu ya kwanza ni ndogo. Kubwa ni ya pili, kwa kuwa inatoka mahali pa usalama: kwa mzee, mwenye kanzu, mwenye taa. Msimulizi hodari hakimbilii hapo. Humfanya mzee aulize kwanza jina la babake kijana, humfanya ampe maji anywe, na wakati huo wote wewe unayesikiliza umeanza kupumua tena. Wala sura ya yule mwanamke haielezwi. Nimekisikia kisa hiki kwa watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia macho yake yalikuwaje. Kwato zinatosha. Mengine kila msikilizaji atayaleta kutoka kwake, naye huleta yale anayoyaogopa zaidi.

Lakini jambo ninalolistahi kuliko yote katika ufundi huu ni jinsi unavyokaa na dini. Sura ya 72 ya Kurani, yenye aya 28, imeitwa kwa jina la majini, na ndani yake wao wenyewe wanakiri kwamba miongoni mwao wamo walio wema na wamo wasiokuwa hivyo. Kwa hiyo jini wa Mji wa Kale ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto, ana uhai wake, watoto wake, na huenda ana dini kama yako. Kipo kisa cha mtu aliyeingia msikitini usiku wa manane akakuta safu imesimama, akajiunga nayo nyuma. Alipotoa salamu kulia na kushoto, msikiti ulikuwa mtupu. Akamaliza uradi wake, akaenda zake. Kisa kimekwisha. Hapana aliyepiga wala aliyepigwa, na nywele za wasikilizaji zimesimama. Hofu hiyo ni pana, kwa sababu inakwambia kwamba dunia ina wakazi wengi kuliko uliowahesabu, na kwamba wanasali.

Ndiyo maana hata tiba katika visa hivi huenda polepole. Mgonjwa husomewa, huzunguliwa, huandikiwa kombe kwa zafarani na kulinywa, na jamaa wanangoja. Wazee wakipita Mbaraki, karibu na ule mnara wa matumbawe ambako watu walikuwa wakipeleka ubani na marashi kwa ajili ya pepo, huteremsha sauti. Mtu wa msikitini atakwambia si sawa kupeleka ubani pale, naye ana hoja. Hata hivyo anateremsha sauti. Msimulizi mzuri anaijua hali hiyo ya mtu mmoja kuwa na imani na wasiwasi kwa pamoja, na ndani ya nafasi hiyo ndimo anamofanyia kazi yake.

Sasa irudie filamu ile ya Believer. Wasichana wawili wanapotea msituni, wanapatikana baada ya siku tatu, na pepo amewaingia. Ili kumtoa, wanakusanywa mchungaji wa Kibaptisti, mhubiri wa Kipentekoste, kasisi wa Kikatoliki anayeingia akiwa amechelewa, na mganga wa mizizi. Dini zote zimealikwa na hakuna iliyokaribishwa. Hatujui yeyote kati yao anaamini nini akiwa peke yake, anaogopa nini, wala aliwahi kuomba jambo gani akanyimwa. Kwa hiyo sala zao zinasikika kama kelele, na kasisi anaposokotwa shingo tunamtazama kama tunavyotazama kikombe kikianguka. Mimi ni mtu wa mji ambao adhana, kengele za kanisa na za hekalu husikika ndani ya kisiwa kimoja. Najua kwamba kuishi na dini nyingi hakumaanishi kila dini kupewa dakika zake.

Inauma zaidi kwa sababu filamu ya kwanza, The Exorcist ya William Friedkin ya mwaka 1973, iliyajua haya. Inaanza kwa adhana, katika machimbo ya kale ya kaskazini mwa Iraki. Mtoto hupelekwa kwanza kwa madaktari, anapimwa kwa mashine za kutisha kuliko pepo mwenyewe, na zaidi ya saa nzima hupita kabla kasisi mzee hajafika mlangoni. Kasisi kijana, Karras, amefiwa na mama na imani yake inayumba. Chumba cha mtoto kilipoozwa kweli kwa mitambo mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana. Bibi yeyote wa mtaa wetu wa Kibokoni angeutambua ufundi huo: kungoja, kutaja mahali, kumwacha mtu wa dini awe mtu.

Huku kwetu barani Afrika tatizo lina sura nyingine. Tangu Living in Bondage ya Nigeria ya mwaka 1992, ambayo mwishowe humleta mhusika wake kanisani kuokolewa, filamu nyingi za video zimefuata njia hiyo: uchawi saa nzima, maombi dakika za mwisho, miale ya kompyuta, basi. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alipotengeneza Nsyuka na Shumileta, alithubutu kuleta viumbe wetu kwenye skrini kwa fedha kidogo, na katika Shumileta jini wa kike anampenda binadamu, jambo ambalo msimulizi wa pwani angelikubali mara moja. Namheshimu kwa hilo. Ila wengi waliokuja baadaye wamechukua meno na damu wakaliacha penzi. Dini wanayoiweka mwishoni kama bunduki haimtishi mtu, na mwenye imani haimfai kitu, kwa kuwa yeye anajua kwamba dua haifanyi kazi hivyo.

Vijana wetu wa Mombasa sasa wana kamera nzuri mfukoni, na mji wao una vichochoro ambavyo watu wa Hollywood wangelipa fedha nyingi kuvijenga. Naomba, kabla hawajanunua damu ya bandia, wapande ngazi waende kwa bibi mmoja, wamwamkie, wakae chini na simu zao zizimwe, wasikilize kisa kimoja hadi mwisho. Wamuulize kwa nini alinyamaza pale aliponyamaza. Wakipewa ruhusa, warudi siku nyingine wakairekodi sauti yake, na filamu watakayoitengeneza waanze kumwonyesha yeye.