Mishororo Miwili ya Springi

Shuleni tulizoeshwa kutenganisha fani na maudhui: kwanza ueleze kinachosemwa, kisha urudi kuhesabu vina na mizani. Ninayo hapa maandishi yanayoukataa mgawanyo huo. Ni programu ya Python ya somo la mwanzo la fizikia. Habari yake ni moja: mzigo umefungwa kwenye springi, ukavutwa, ukaachiwa.

import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

dt = 0.1
x, v = 1.0, 0.0
njia = []
for i in range(100):
    a = -x
    x = x + v*dt
    v = v + a*dt
    njia.append(x)

t = dt*np.arange(1, 101)
plt.plot(t, njia)
plt.show()

Mistari miwili ya juu ni hodi. Inaziita maktaba mbili na kuzipa lakabu, np na plt. Hakuna sheria inayozilazimisha lakabu hizo, ila anayetumia nyingine hujulikana mara moja kuwa mgeni mjini. NumPy, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006 chini ya Travis Oliphant, ni maktaba ya safu za namba. Uhodari wake ni kupiga hesabu juu ya namba elfu kwa mstari mmoja. Hapa imeitwa kwa kishindo, halafu ikatumwa kuhesabu kuanzia 1 hadi 100 (101 imetajwa, lakini haiingii). Huko ni kukodi lori libebe sufuria. Katika shairi ningesema neno limewekwa kujaza mizani. Humu nasamehe: mwanafunzi aizoee sura ya mgeni kabla ya kumtwisha kazi nzito.

Kinachoangusha wengi ni alama ya =. Ukisoma x = x + v*dt kwa jicho la aljebra, unaona uongo mtupu, labda v iwe sifuri. Kiswahili kina dawa yake. Usisome "ni", soma "iwe". x, yaani mahali pa mzigo, iwe x ya sasa pamoja na v, yaani mwendokasi, mara dt, yaani hatua ya muda. Basi si taarifa tena, ni amri, na amri zikifuatana, inayotangulia huibadilishia hali inayokuja nyuma.

Hapo ndipo penye utamu wa ubeti wa kati, ile mistari minne iliyosogezwa ndani na kurudiwa mara 100. Mstari wa a = -x ni kanuni ya springi ambayo Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678, imevuliwa kila kitu: uzito umefanywa 1, ugumu wa springi 1, vyote vikatoweka. Ufupi huo unanivutia, ingawa mwandishi alipaswa kuacha neno moja la maelezo pembeni. Msomaji hana namna ya kujua kilichofutwa.

Fuata mzunguko wa kwanza kwa kidole. x ni 1.0, kwa hiyo mchapuko a unakuwa -1.0. Mstari unaofuata unasogeza mzigo kwa v, lakini v bado ni sifuri, basi x inabaki 1.0. Kisha v inakuwa -0.1. Tazama tulipofika: mzigo uko palepale ulipovutwa, springi haijalegea hata kidogo, na tayari una mwendokasi. Nishati hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye mpangilio wa mishororo. Kila hatua huizidisha nishati kwa 1.01, na baada ya hatua 100 imefika takribani mara 2.7 ya ile ya mwanzo. Grafu iliyoanza kwenye 1 ina bonde la mwisho la karibu -1.6. Springi inajivuta yenyewe.

Sasa badilisha nafasi za mishororo miwili: v itangulie, x ifuate. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mzunguko wa kwanza unatoa v ya -0.1 na x ya 0.99, na mawimbi yanabaki na kimo kilekile, hata ukizungusha mara elfu. Alan Cromer aliueleza mpangilio huu mwaka 1981 katika American Journal of Physics, na aliyeugundua alikuwa mwanafunzi wa sekondari, kwa bahati tu, alipokuwa akiandika programu yake. Leo vitabu vinauita mbinu ya Euler-Cromer. Ukiutazama bila grafu mbele yako, utadhani ni kosa la mnakili.

Mistari ya mwisho sina mengi ya kuisifu. Matplotlib ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa neva, mwaka 2003, kwa kuiga desturi za MATLAB, na plt imerithi mazoea ya kutoa amri bila kusema ni grafu ipi inayoamrishwa. Lililo baya zaidi ni kwamba mihimili ya grafu hii haina majina. Ile -1.6 ni sentimita, mita au nini?

Nina swali moja zaidi kwa ubeti wa kati. Tuseme mwanafunzi mvivu, akirudia programu ya awali, anaona mstari wa a ni gharama ya bure. Anaufuta, na mshororo wa v anauandika v = v - x*dt, bila kubadilisha nafasi ya chochote. Mzunguko wa kwanza hauoni tofauti: x 1.0, v -0.1. Wa pili, x ni 0.99 kwa programu zote mbili, lakini v ya programu ya awali ni -0.2 na ya mvivu ni -0.199, kwa kuwa yake imesoma x mpya. Mvivu anabonyeza plt.show(), na kimo cha mawimbi yake hakipandi wala hakishuki.