Namna ya Kuipima Sauti ya Mwimbaji

Msikilizaji wa Bweri, mkoani Mara, aliyezoea ibada za Jumapili na mashindano ya kwaya anayo tayari masikio ya kusikilizia opera, ijapokuwa huenda hajapata kuiona hata moja katika umri wake, kwa maana mgawanyo wa soprano, alto, teno na besi, ambao walimu wetu huufundisha kwa do, re, mi, ndio msingi wa waimbaji wa Italia na Ujerumani pia. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au aghalabu yote, huimbwa pamoja na okestra. Ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16, na L'Orfeo ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607, ingali ikichezwa hata leo. Haleluya ya Handel, ambayo kwaya zetu huipenda mno, haimo katika jamii hiyo: ni sehemu ya Messiah, nayo ni oratorio, kazi iimbwayo bila mavazi ya mchezo wala vitendo, iliyosikika mara ya kwanza Dublin mwaka 1742.

Kosa kubwa katika kuhukumu sauti ni kuitafutia kilele. Kijana akipanda juu mara moja kwa jitihada ya shingo huandikwa teno, na msichana mwenye nguvu hupelekwa soprano kabla mwalimu hajamsikiliza hata robo saa, ilhali aina ya sauti hutambulikana kwa makazi yake, yaani pale inapoweza kudumu bila kuchoka wala kupoteza rangi yake, wala si kwa noti moja inayoigusa na kuikimbia. Kwa mizani hii ndipo tunapowagundua watu wawili wasio na mahali katika sauti zetu nne: mezosoprano, aliye kati ya soprano na alto, ambaye mtunzi Bizet alimpa nafsi ya Carmen katika opera yenye jina hilo mwaka 1875; na baritoni, aliye kati ya teno na besi, sauti waliyojaaliwa wanaume wengi kuliko nyingine, ambayo mtunzi Verdi aliikabidhi mzigo wote wa opera yake Rigoletto mwaka 1851. Baritoni wa kwaya husukumwa juu hadi koo likakauka, au hushushwa chini akabaki kunguruma pasipo lahani, na nimesikitika mara nyingi kuona sauti njema ikiharibika hivyo kwa sababu tu jedwali lina safu nne.

Mwenye kutaka kuijua mipaka ya pande zote mbili na aisikilize Filimbi ya Ajabu, opera ya Mozart iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1791, ambamo Malkia wa Usiku ni soprano wa koloratura, yaani sauti nyepesi ikimbiayo juu kwa noti za haraka, naye Sarastro ni besi ashukaye kwa utulivu hadi wachache wawezapo kumfuata.

Ama ubora, huo ni jambo jingine, na huanza kuonekana kabla ya kusikika. Mtazame mwimbaji anapovuta pumzi: mabega yakipanda, pumzi imekaa juu na haitamfikisha mwisho wa sentensi; mbavu za chini zikitanuka na mabega yakatulia, subiri mema. Kisha mwombe ashike noti moja ya wastani kwa irabu a, aianze kwa unyenyekevu, aikuze polepole hadi ijae, na airudishe ilikotoka, yote kwa pumzi moja. Waitaliano huita zoezi hili mesa di voche, nami sijui mtihani ulio mkali zaidi, kwani mpiga kelele hushindwa papo hapo katika safari ya kurudi: noti hushuka, au hukatika, au huanza kutetemeka ovyo. Na ingawa opera kwa kawaida huimbwa bila vipaza sauti, sauti ya kiume iliyofunzwa hupenya okestra si kwa kelele, bali kwa kukusanya nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali okestra inapopungua.

Irabu nazo zisikilizwe kwa makini. Kiswahili hufunga silabi zake nyingi kwa irabu safi, na Mkurya wa huku Mara ana irabu saba katika lugha ya mama yake, sawa na Mwitaliano. Kwa hiyo mwimbaji wa Mara anayezivuruga irabu ili aonekane wa Ulaya anautupa utajiri wake mwenyewe.

Hatimaye, tofautisha aria, ambayo ni wimbo wa mtu mmoja anayeufungua moyo wake, na resitativo, ambayo ni maneno yaimbwayo kwa mwendo wa mazungumzo ili kisa kisonge mbele. Wengi huingoja aria. Mimi huisikiliza resitativo kwanza, kwa kuwa humo hamna lahani tamu ya kumsitiri mwimbaji, na swali lake lazima lisikike kuwa swali, na hasira yake kuwa hasira, hata kwa msikilizaji asiyeijua lugha inayoimbwa.