Ustadi wa Kuunyima Mti Maji

Ua ambalo mtoto wa Bariadi hulijua kabla ya mengine yote ni la pamba. Huchanua asubuhi likiwa jeupe lenye umanjano, kesho yake likageuka la waridi, kisha likanyauka na kuiachia tumba kazi iliyobaki. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, na masika ukipita barabara za Maswa na Itilima utayaona maua hayo hadi macho yachoke. Lakini mpamba hauruhusiwi kuzeeka. Mkulima anatakiwa awe ameng'oa na kuchoma masalia ifikapo Septemba 15, ili wadudu wasipate pa kujificha kungoja msimu mwingine. Tumezoea, basi, kichaka cha maua cha mwaka mmoja: kipandwe, kichanue, kizae, kichomwe. Mimi nataka kukisifu kichaka ambacho mtu anaweza kumwachia mjukuu wake.

Ni adeniamu, waridi la jangwani. Ni mti mfupi, aghalabu wa kufika kiunoni ukiwa kwenye chungu, wenye shina lililovimba chini na matawi machache manene. Maua yake ni ya waridi, mara nyingi yenye kitovu cheupe, na huja kwa wingi pengine hata kabla ya jani moja kutokeza. Wengi hudhani ni mti wa kigeni kwa sababu huuona kwanza kwenye vitalu vya mijini. Sivyo. Asili yake ni nchi kavu za Afrika na Bara Arabu, nasi tumo. Wahadzabe, wanaoishi Meatu na kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaujua tangu enzi na enzi: huchemsha vipande vyake mpaka maji yawe mazito na meusi, wakayapaka kwenye vyembe vya mishale. Sumu hiyo huiita panjube, na humwangusha mnyama mkubwa. Mwenye bustani naye asisahau. Utomvu wake hushambulia moyo, kwa hiyo baada ya kupogoa osha mikono na kisu, na chungu kiwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, wala mbuzi.

Kazi huanzia kwenye udongo, na hapo Wasukuma hawahitaji mwalimu kutoka mbali. Wana majina yao ya udongo, na kila jina lina kazi zake. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Ni mzuri kwa mpunga. Luseni ni ule wa kichanga wa juu, karibu na majabali, unaopendwa na mihogo na karanga. Waridi la jangwani ni mtoto wa luseni. Ukiupanda kwenye mbuga, maji yatatuama kwenye mizizi na tumbo litaoza kimyakimya huku majani yangali ya kijani. Chukua luseni, changanya na changarawe na samadi kidogo iliyooza vizuri. Aliye karibu na mashine ya kukoboa mpunga aongeze pumba zilizochomwa. Chombo si lazima kiwe cha fahari. Beseni lililopasuka linafaa, na ndoo kuukuu vilevile, mradi kitako kina matundu ya kutosha.

Halafu yanakuja maji, na hapa ndipo ustadi ulipo. Watu wengi huua mti huu kwa huruma. Wanauona umepukutisha majani mwezi wa Julai, wanadhani una kiu, wanaumwagia kopo kila jioni, na baada ya wiki chache unalala. Mti ule ulikuwa umepumzika tu. Akiba yake iko tumboni, na mizizi iliyolala hainywi. Maji hukaa hapo yakiozesha. Mkono ndio unaojua. Bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, liache. Likiwa limelegea na udongo ni mkavu, mti una kiu kweli, upe maji mpaka yatokee chini. Likiwa limelegea na udongo umelowa, usingoje kesho: ung'oe, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye nyama safi, pakaza majivu, uuache kivulini kidonda kikauke kabisa kabla ya kuupanda tena. Nimeona mti uliobakiwa na nusu ya tumbo lake ukirudi kuchanua.

Joto la Septemba na Oktoba linapopanda, wakati ng'ombe wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji na ua wa nyumba umebaki vumbi tupu, ndipo mti ulionyimwa maji unapotoa maua. Sijui ua jingine la nyumbani linalolingana hivyo na mahali hapa. Tumefundishwa kwamba bustani nzuri ni za Lushoto na Arusha, kwenye ukungu na vijito, na kwamba sisi wa nchi ya madumu ya lita 20 tusijisumbue. Waridi la jangwani linakanusha hayo kwa maji ya kusuuzia mboga.

Na wazo la kufunga ili kiangazi kikute akiba si geni hapa. Ngitili ndiyo hiyo hiyo: kipande cha malisho hufungwa mvua zinapoanza, hakuna ng'ombe kuingia, kisha hufunguliwa ukame ukikaza. Mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioegemea desturi hiyo. Miaka ilivyokwenda, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na majani. Anayeelewa kwa nini mzee anaifunga ngitili wakati nyasi ndizo kwanza zinachipua, anaelewa tayari namna ya kulea mti huu.

Mmea uliotokana na mbegu ndio unaofanya tumbo zuri. Kipande cha tawi kikichomekwa huota, na hutoa maua mapema, ila shina lake mara nyingi hubaki jembamba. Kila unapohamisha mti kwenye chombo kikubwa zaidi, uinue kidogo, sehemu ya juu ya mizizi ibaki nje ya udongo. Mwaka hadi mwaka mizizi hiyo hunenepa juani, ikajipinda na kukumbatiana, na hakuna miti miwili inayofanana. Kupogoa ni kabla ya joto kuanza: kila tawi lililokatwa hutoa mawili au matatu, na maua huja kwenye ncha. Wadudu hawakosi. Vidung'ata hujibana kwenye makwapa ya majani, utitiri hupenda ukame, na yupo kiwavi mkubwa wa kijani anayeweza kumaliza majani ya mti mzima kwa usiku mmoja au miwili. Huyo mtafute na tochi, umtoe kwa mkono.

Mti huu umesafiri sana. Peter Forsskål, aliyefariki Yemeni mwaka 1763 akiwa katika msafara wa Denmark, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa 1775 baada ya kifo chake. Leo Thailand na Taiwan huuzalisha kwa maelfu, kwa rangi na tabaka za petali ambazo porini hazipo, na baadhi ya miche hiyo hurudi kuuzwa Afrika. Ni mizuri, siibezi. Ila napenda zaidi ua la asili la petali tano, na nachukizwa na wanaokwenda porini kung'oa miti mikongwe kutoka miambani ili waiuze kwa tumbo lake. Ukubwa ule ulichukua miaka mingi, na ukihamishwa kwa mizizi iliyokatika ovyo mara nyingi huoza.

Njia ya haki ni mbegu. Matunda hutokea mawili mawili, marefu kama pembe za mbuzi, na yakipasuka upepo hubeba kila kitu, kwa kuwa kila mbegu ina manyoya pande zote mbili. Yafunge kwa uzi yakiwa bado mabichi. Yakifunguka, pukusa manyoya, laza mbegu juu ya luseni yenye unyevu, zifunike kwa kichanga chembamba, uzipande zikiwa mpya kwani zikikaa sana hupoteza nguvu. Katika joto huchipua ndani ya siku chache. Jozi moja ya matunda hutoa mbegu nyingi kuliko vyombo vya nyumba moja. Zinazobaki, mpelekee jirani pamoja na kopo la mchanga, na umwonye mapema kuhusu maji ya Julai.