Silaha Ndani ya Mkate

Baricho si mbali na Sagana, na huko ndiko alikozaliwa Micere Githae Mugo mwaka 1942. Yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walipoandika The Trial of Dedan Kimathi, iliyotoka 1976, walikabiliwa na tatizo la kiufundi ambalo wachambuzi wengi hulipita wakikimbilia siasa. Kila aliyeingia ukumbini alijua mwisho. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza kutoka msituni, alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Februari 1957. Mtazamaji atakaaje roho juu kwa kesi iliyokwisha kuamuliwa?

Jibu lao lilikuwa kupenyeza kisa cha ujasusi ndani ya kisa cha mahakama. Mwanamke mwenye sura ya mkulima wa kawaida amebeba mkate, na ndani ya mkate mna silaha. Askari mzungu anamsimamisha, anamhoji, anapekua mzigo wake. Mama anajitia ujinga, anabembeleza, anaachiliwa. Kisha mkate unaingia mikononi mwa Mvulana ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa akikimbizana na Msichana kwa ugomvi wa pesa. Anatumwa aupeleke kwa muuza matunda karibu na mahakama. Haambiwi amebeba nini. Hadhira inajua.

Hapo ndipo penye ufundi. Bastola ndiyo iliyompeleka Kimathi kitanzini. Mahakamani ilikuwa kielelezo cha mashtaka. Waandishi wameiondoa silaha mezani pa hakimu wakaipitisha barabarani, mikononi mwa watu wadogo wasiotiliwa shaka. Tangu mkate uanze safari, mtazamaji ana siri ambayo askari hana, na kwa kunyamaza kwake amekwisha kuingia katika njama. Wala si jambo la kubuni tu: wanawake wa pande za Mlima Kenya walipeleka chakula, habari na silaha msituni. Nao wakoloni walikuwa na maigizo yao, maana vikosi vya afisa wa polisi Ian Henderson vilivaa kama wapiganaji wa Mau Mau ili kuwanasa wapiganaji halisi. Hakimu katika tamthilia anaitwa Shaw Henderson, na hilo halikutokea kwa bahati.

Umbo nalo linasaidia. Badala ya matendo kuna mikondo mitatu, na mahakama huyeyuka ghafla ikawa ngoma, historia ya utumwa, au msitu. Weusi na weupe wanaketi pande mbalimbali mahakamani, hivyo mtazamaji hujikuta anajiuliza kiti chake kiko upande gani.

Kwa kulinganisha, kampuni ya Punchdrunk ya Uingereza ilisifiwa sana kwa Sleep No More, iliyofunguliwa New York 2011: watazamaji walivaa vinyago na kuzurura katika hoteli ya enzi za miaka ya 1930 wakichungulia siri za wahusika. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, lakini kinyago humwacha mtu kuwa mchunguliaji. Mkate wa Nyeri humpa mzigo wa kubeba, na kwangu hilo lina uzito zaidi ya mapambo yote ya ukumbi.

Ushahidi wa hilo ulionekana Oktoba 1976 katika Kenya National Theatre, Nairobi, chini ya uongozaji wa Seth Adagala. Waigizaji waliposhuka jukwaani wakiimba wimbo wa mwisho, watu waliinuka wakawafuata hadi nje, kuelekea Hoteli ya Norfolk, karibu na mahali ambapo wafuasi wa mpinga ukoloni Harry Thuku walipigwa risasi 1922. Polisi wakaingilia kati. Watazamaji hawakuwa wameelekezwa waandamane. Walikuwa wamekwisha kushirikishwa tangu pale askari alipopekua mzigo.

Tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ipo tangu 1978. Kikundi kitakachoiigiza Sagana kinaweza kukosa taa na maleba ghali bila hasara kubwa. Kisikosee mkate tu: uonekane hadi safu ya nyuma, upitishwe katikati ya watu, na mbebaji asikimbie.