Trevor-Roper alikosea kabla ya kufungua kurasa

Hugh Trevor-Roper hakupaswa kupiga ile simu. Tarehe 8 Aprili 1983, akiwa Zurich, alimwambia mhariri wa gazeti la The Times, Charles Douglas-Home, kwamba shajara alizotoka kuziona benki ni za Hitler kweli. Mengi yameandikwa kumtetea: alidanganywa na watu wa jarida la Stern, Rupert Murdoch, mwenye gazeti, alikuwa na haraka ya kununua, wataalamu wa mwandiko nao walinaswa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomwokoa. Alikosea hatua ya kwanza ya uhakiki wa vyanzo, ile anayofundishwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na aliikosea akiwa na miaka 69, baada ya kukalia kiti cha Regius cha historia pale Oxford kwa miaka 23.

Mkasa wenyewe mnaujua, siurudii wote. Tuangalie kazi ilivyofanyika mle ndani.

Aliingizwa katika chumba cha benki. Mezani yamepangwa madaftari zaidi ya 50, meusi, na pembeni yake barua, michoro na medali. Akaambiwa mambo mawili. La kwanza, karatasi imepimwa maabara na imethibitika kuwa ya zama zile. La pili, Stern inamfahamu afisa aliyeyatunza madaftari hayo tangu 1945, baada ya ndege iliyobeba mizigo ya Hitler kuanguka Börnersdorf, karibu na Dresden. Yote mawili yalikuwa uongo. Ila tazama aliyeyasema ni nani: ni muuzaji. Trevor-Roper hakuishika ripoti ya maabara mkononi mwake, wala hakupewa jina la afisa. Uhakiki wa nje wa hati, yaani ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, nani aliiona lini, aliukabidhi kwa yule yule aliyekuwa anangoja malipo.

Uhakiki wa ndani je? Haukuwepo. Mwandiko ule wa Kijerumani cha kale ulimtatiza, na hakuna binadamu anayesoma madaftari 50 kwa saa chache. Hakuyasoma, aliyatazama tu. Alipoandika makala yake katika The Times ya Jumamosi, 23 Aprili, hoja kuu ikawa ni wingi: mtu anaweza kughushi barua moja au mbili, lakini nani ataghushi hazina nzima ya nyaraka zinazoshikamana hivi?

Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu, kwa sababu hoja ya wingi bado inatembea katika vyuo vyetu na magazeti yetu kana kwamba ni hoja. Hati 60 zilizotoka mkono mmoja ni shahidi mmoja. Idadi yake inapima bidii ya mwandishi, haipimi ukweli wake. Konrad Kujau, mghushi wa Stuttgart, alikuwa na bidii. Ameandika madaftari, ameandika barua, amechora michoro na kuitia sahihi ya Hitler, kisha vyote vikakutana kwenye meza moja Zurich na kushuhudiana. Ubaya zaidi, wataalamu wa mwandiko walipopewa sampuli za kulinganisha, baadhi ya sampuli hizo nazo zilikuwa kazi ya Kujau huyohuyo. Walilinganisha mkono wake na mkono wake, wakasema unafanana. Walisema kweli.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi na Habari za Pate anaijua hatari hii. Zipo nakala nyingi za tarikhi ile, na mgeni wa fani huzipanga mezani akifurahi kwamba zinakubaliana. Kisha anafuatilia kila nakala ilikotoka na kukuta nyingi zinarudi kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini. Hapo makubaliano yote yanakuwa kauli ya mtu mmoja iliyonakiliwa mara nyingi. Bwana Kitini hakuwa mghushi, na kauli yake ina thamani kubwa, lakini inahesabiwa moja. Wahakiki wa Pate wamelijua hilo wakifanya kazi na vibanzi vya nakala. Bwana mkubwa wa Oxford, mwenye benki nzima mbele yake, hakuuliza.

Na alama zilikuwepo waziwazi. Herufi za Kigothi zilizobandikwa kwenye jalada, ambazo zilipaswa kuwa AH, zilikuwa FH. Hitler hakuwa mtu wa kuandika kwa mkono. Alipenda kusema na wengine waandike. Mkono wake wa kulia uliumia katika mlipuko wa 20 Julai 1944. Haya hayakuhitaji maabara. Aliyepaswa kuyajua kuliko Mwingereza yeyote wa wakati ule ni Trevor-Roper mwenyewe, aliyeandika kitabu cha siku za mwisho za mtu huyo. Kazi ya maabara ilipofanyika kwa haki, kumbukumbu za taifa za Ujerumani Magharibi zilitangaza tarehe 6 Mei 1983 kwamba ni ghushi: karatasi ilikuwa na kemikali ya kung'arisha ambayo haikutumika hadi baada ya vita, na maneno mengi yalichotwa katika mkusanyiko wa hotuba za Hitler wa Max Domarus, pamoja na makosa yake. Stern ilikwisha kulipa zaidi ya marki milioni 9.

Nimeandika katika safu hii tena na tena kwamba mwanazuoni hawezi kuwa mwamuzi katika nyumba anayokula. Trevor-Roper alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya The Times tangu 1974. Alitumwa Zurich na watu ambao alikaa nao kwenye bodi moja, na awali aliamini atapewa muda wa kusoma tafsiri kabla ya kutoa neno, kisha akaambiwa jibu linatakiwa leo. Hapo palikuwa na neno moja la kusema, nalo ni hapana. Mwanahistoria asiyeweza kusema hapana kwa mhariri asikubali kupandishwa ndege.

Sasa mlinganisheni na kijana wa miaka 31. Septemba 1945, Dick White wa ujasusi wa Uingereza anamtuma afisa mmoja kuchunguza kama Hitler amekufa, maana upande wa Warusi unadokeza huenda yu hai. Walioishuhudia siku ile chini ya ardhi Berlin kwa karibu zaidi wamo mikononi mwa Warusi. Kijana hana karatasi ya kutegemea. Anafanya nini? Anakwenda kwa watu. Anamhoji dereva Erich Kempka. Anamhoji Hermann Karnau, mlinzi aliyeona miili ikiungua bustanini. Anawahoji makatibu. Anapanga kauli zao sambamba, anatafuta zinapokutana bila wasemaji kupatana, anapima nani alikuwa amesimama wapi na angeweza kuona nini.

Kisha zikajitokeza habari za wosia wa Hitler. Nakala tatu zilikuwa zimetolewa Berlin na watu watatu: Heinz Lorenz, Wilhelm Zander na Willi Johannmeier. Huyu wa mwisho alishikilia kwamba alikuwa msindikizaji tu na hana hati yoyote. Trevor-Roper aliendelea kumrudia hadi yule askari, nyumbani kwa wazazi wake Iserlohn, akachukua shoka, akapasua udongo ulioganda kwa baridi na kufukua chupa. Ndani yake zilikuwamo karatasi. Watu watatu, njia tatu, maandishi yanayolingana: hao ndio mashahidi watatu wa kweli. Kitabu kilitoka 1947 na kiini chake hakijavunjwa hadi leo.

Hebu tulitaje jambo hilo kwa jina lake. Kazi iliyompa Trevor-Roper umaarufu ilisimama juu ya masimulizi ya mdomo. Dereva, mlinzi, katibu. Ndiyo maana siwezi kumsamehe mwaka 1963.

Mwaka huo, katika mihadhara ya Chuo Kikuu cha Sussex iliyoonyeshwa na televisheni ya BBC na baadaye kuwa kitabu, alidai kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ya Wazungu waliomo ndani yake, na kwamba kilichobaki ni giza. Wengi hulijibu dai hilo kwa hasira, na hasira ni haki. Mimi nalijibu kama kosa la kazi, na nashikilia kwamba ni kosa lilelile la Zurich. Mtu huyu aliacha kupima chanzo kwa maswali, akaanza kukipima kwa umbo. Palipo na karatasi aliona historia, hata karatasi yenyewe ikiwa ya Kujau. Palipo na mzee anayesimulia ukoo wake hakuona kitu, ingawa yeye mwenyewe alimwamini mlinzi Karnau baada ya kumhoji ipasavyo.

Katika miaka hiyohiyo Bethwell Ogot alikuwa anazunguka kwa wazee wa Nyanza na wa Padhola, upande wa Uganda, akikusanya masimulizi ya uhamiaji wa Wajaluo. Hakumeza aliloambiwa. Alichukua nasaba za ukoo mmoja akazipambanisha na za ukoo jirani, hasa mahali ambapo koo hizo zilikuwa na ugomvi na hazikuwa na sababu ya kusaidiana kusema uongo. Kitabu chake kuhusu Wajaluo wa kusini kilitoka 1967. Weka utaratibu huo kando ya ule wa Iserlohn utaona ni kazi ileile. Uweke kando ya ule wa Zurich, na Ogot ndiye mwanahistoria. Isaria Kimambo alifanya hivyohivyo Upare. Vijana wa Dar es Salaam waliotumwa vijijini mwaka 1968 kukusanya habari za Maji Maji walikwenda na maswali makali kuliko aliyokwenda nayo Trevor-Roper benki.

Bado wapo wasahihishaji wa tasnifu wanaomdai mwanafunzi mashahidi kumi kwa kila kauli ya bibi kizee, kisha wanapitisha barua ya ofisa wa wilaya wa kikoloni bila kuuliza aliiandika akitaka kupandishwa cheo au la. Ugonjwa ni uleule, na nitaendelea kuusema hadi uishe.

Kinachouma ni kwamba alikuwa na uwezo. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima kumfichua Edmund Backhouse, Mwingereza wa Peking aliyeghushi shajara ya Kichina na kuwadanganya wasomi kwa miaka mingi. Insha zake za karne ya 17 zinasomeka vizuri kuliko za wenzake wote. Na mwaka uleule wa shajara, 1983, ilitoka insha yake inayobomoa utamaduni uliobuniwa wa nyanda za juu za Scotland, katika kitabu The Invention of Tradition. Mhariri mmoja wa kitabu hicho alikuwa Eric Hobsbawm. Mwingine alikuwa Terence Ranger, yuleyule aliyeiongoza Idara ya Historia ya Dar es Salaam katika miaka yake ya kwanza, idara iliyojengwa kuthibitisha kwamba Trevor-Roper hakuwa na habari. Ranger alimpa ukurasa. Huo ni ukarimu wa kitaaluma ambao upande wa pili haukuuonyesha.

Nampa haki moja. Jumamosi usiku, magazeti ya Jumapili yakiwa mitamboni, alikwisha kuanza kusita, na Murdoch akaamuru uchapishaji uendelee. Tarehe 25 Aprili, Hamburg, mbele ya kamera za dunia, Stern ikitazamia awe shahidi wao mkuu, alisimama akasema utaratibu wa kawaida wa kuhakiki ulitolewa kafara kwa ajili ya habari motomoto. Ilimgharimu heshima yote iliyobaki, na aliisema hivyohivyo. Siku 17 zilitosha kumrudisha nyuma.

Kuhusu Afrika alikuwa na miaka. Mwaka 1965 wanahistoria walikutana Dar es Salaam katika kongamano la kimataifa la historia ya Afrika, na mijadala yao ikachapishwa. Mwaka 1969, katika jarida la Past and Present, Trevor-Roper alirudia dai lake. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha Kimambo kuhusu Wapare, na kingine cha historia ya Tanzania alichohariri pamoja na Arnold Temu. Vyote vilikuwa vimepigwa chapa kwa wino na karatasi, kwa Kiingereza, lugha asiyohitaji mtu wa kumsomea. Hata kwa kipimo chake mwenyewe hakuwa na sababu ya kutovifungua.